Fimbo ya Kitengela, mjeledi wa Olimpiki

Kiswahili hakijamtendea punda haki. Fadhila zake ni mateke, mzigo wa bwana sharti ufike hata yeye akifa, na isitoshe haendi bila kiboko. Waliotunga misemo hii walimjua punda vizuri, lakini hakuna hata mmoja unaouliza mwenye kiboko alimfundisha nini mnyama huyo kabla ya kumwambia twende. Katika mji wa Kitengela, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ambako mikokoteni husambaza maji kutoka visimani na kwenye vioski hadi ploti zisizo na mfereji, msemo wa mwisho umegeuka kanuni ya kazi. Simama kando ya barabara ya Namanga asubuhi. Mara nyingi utaisikia fimbo kabla hujauona mkokoteni.

Mtu wa mjini hudhani anajua sababu: umaskini na ujinga. Kijana hana elimu, hana pesa, ana hasira, na punda yuko karibu. Maelezo hayo yangetosha kama ukatili wa mafunzo ungekuwa unaishia kwa watu wa mkokoteni. Hauishii hapo.

Juu kabisa ya ngazi ya michezo ya wanyama kuna dresaji, mchezo ambao farasi huchezeshwa hatua zilizopangwa ndani ya uwanja wa mita 60 kwa 20, huku majaji wakitoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila hatua. Umo katika Olimpiki tangu 1912. Uzuri wake wote ni kwamba mpandaji asionekane akifanya lolote: mguu uguse kidogo, hatamu zitulie, na mnyama wa zaidi ya kilo 500 acheze kana kwamba wazo ni lake. Julai 2024, siku chache kabla ya mashindano ya Paris, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali 6 za Olimpiki, alijitoa baada ya kuibuka video ya miaka kadhaa nyuma ikimwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu wakati akimfundisha mwanafunzi. Wakili wa upande wa mlalamikaji alidai mapigo yalizidi 24 ndani ya dakika moja. Desemba mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, likamfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

Dujardin hakukosa pesa, wala hakukosa ujuzi. Aliwahi kushinda dhahabu London 2012 na Rio 2016 akiwa na farasi mmoja, Valegro, ambaye watu walimsifu kwa utulivu wake. Kwa hiyo tukitaka kujua kwa nini mkono unainuka, itabidi tutafute sababu inayomhusu yeye na kijana wa Kitengela pia.

Kwanza tuelewane kuhusu ufundi wenyewe, maana maneno "upole" na "ukali" yamebeba hisia nyingi kuliko maarifa. Wataalamu wa tabia za wanyama wana maelezo mafupi ya namna farasi na punda wanavyojifunza, na hayana mahubiri ndani yake. Mnyama hubanwa kidogo, kwa mguu, kwa kamba au kwa mguso wa fimbo. Akitenda linalotakiwa, anaachiwa papo hapo. Kinachomfunza ni kule kuachiwa. Kukichelewa hata kwa sekunde chache, hajui tena ameachiwa kwa sababu gani. Mkufunzi mpole naye hubana. Yule anayedhani upole ni kubembeleza na kugawa karoti hajawahi kufunga punda kwenye mkokoteni. Tofauti ni kwamba mpole huacha mapema, na siku inayofuata hujaribu kuomba kwa nguvu ndogo zaidi, mpaka inafika siku mluzi unatosha. Mkali haachi.

Itazame sasa fimbo ya Kitengela kwa jicho hilo. Punda amesimama, anachapwa. Anaondoka, bado anachapwa kwa kuwa mwendo hautoshi. Ameongeza mwendo, anachapwa kwa mazoea, kama mkono unaopiga ngoma usiojua wimbo umekwisha. Punda huyo amejifunza nini? Kwamba kusimama kunauma, kutembea kunauma, na kukimbia kunauma vilevile. Baada ya miezi michache anafikia uamuzi wa busara kabisa, kwamba hakuna tofauti, basi heri kupunguza mwendo na kutunza nguvu. Fimbo inanenepa. Mwenye fimbo anasema, si mnaona, punda haendi bila kiboko. Kwa kweli kiboko chenyewe ndicho kilichomtengeneza punda wa namna hiyo. Mgiriki Xenophon alikwisha kuonya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu chake cha upandaji, kwamba farasi haelewi wala hapendezi katika jambo analolifanya kwa kulazimishwa. Tatizo halijawahi kuwa uhaba wa maarifa.

Punda ana shida nyingine ambayo farasi hana. Farasi akishtuka hutimka, na kila mtu huelewa kwamba ameogopa. Wahenga wa punda waliishi katika nyika za mawe za kaskazini mashariki mwa bara hili, na wao wakishuku jambo walikuwa na tabia ya kusimama, kukaza miguu na kulipima kwanza. Lori la saruji la Athi River linapopita likipiga honi, au mtaro mpya unapochimbwa katikati ya njia aliyoizoea, punda hufanya vivyo hivyo: anasimama. Kwa dereva huo ni ukaidi. Ongeza kwamba punda huficha maumivu, anapunguza kula kidogo, masikio yanalala kidogo, basi, na utaona jinsi mnyama mwenye hofu na kidonda anavyoweza kuhukumiwa kwa uvivu. Inachekesha kidogo, kwa kicheko kichungu, kwamba utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 uliweka mwanzo wa kufugwa kwa punda huku kwetu Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Muda wote huo, na bado hatujasoma uso wake.

Lakini fimbo ndiyo sehemu rahisi ya mjadala kwa sababu inaonekana. Hapa Ulaya inatusaidia, kwani wao walikwisha kulazimika kubishana juu ya ukatili usio na pigo hata moja. Kuna mtindo wa mazoezi ambao shingo ya farasi huvutwa mpaka kidevu kikaribie kugusa kifua na kushikiliwa hapo. Mwaka 2009, huko Odense nchini Denmark, farasi mmoja alipigwa picha ya video akifanyishwa mazoezi hivyo huku ulimi wake ukining'inia ukiwa umegeuka rangi ya bluu. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Februari 2010 FEI iliita kikao Lausanne. Uamuzi: kuikunja shingo kwa nguvu na ukali hakukubaliki, kuishusha bila nguvu kunaruhusiwa, na miongozo iliyofuata ikataka isizidi dakika 10 hivi. Wakosoaji wakauliza nani atashika saa, na nguvu itapimwa kwa kipimo gani. Swali zuri. Ni mwaka 2025 tu ndipo shirikisho lilipoanza kutumia kifaa rasmi kimoja cha kupima mkazo wa ukanda unaofungwa puani. Miaka 15 kutoka kubishania neno "nguvu" hadi kupima ukanda mmoja.

Kitengela ukatili wa kimyakimya ni uzito. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Pakia 25 kwenye mkokoteni na maji peke yake ni kilo 500, kabla hujahesabu mbao, chuma na ekseli ya gari kuukuu iliyofungwa chini, na kabla kijana hajapanda juu. Punda wetu wengi hawavuki kilo 150. Kwenye lami tambarare, magurudumu yakiwa na upepo na mzigo ukikaa sawa juu ya ekseli, punda wawili wenye afya huweza kuvuta mzigo unaomshangaza mtu. Sogeza mitungi mbele kidogo na sehemu ya uzito inahamia shingoni. Isogeze nyuma na mti wa mkokoteni unawanyanyua kwa kamba ya tumboni. Halafu mvua inyeshe. Udongo mweusi wa Kitengela, anayeujua anaujua: hushika gurudumu mpaka kitovu. Hapo ndipo fimbo hufanya kazi nyingi zaidi, na hapo ndipo ina maana ndogo zaidi, maana punda haelewi anatakiwa kufanya nini zaidi ya kile anachojaribu, ambacho hakiwezekani.

Kisha kuna nira. Ng'ombe husukuma kwa nundu na bega. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Ukimwekea mti uliotengenezwa kwa umbo la ng'ombe, kila hatua inasaga mfupa wa juu ya bega. Ukichukua waya au kipande cha tairi kuwa mkanda, ngozi inakatika. Kidonda kikishafunguka, punda husita kuanza kuvuta kwa kuwa mwanzo wa kuvuta ndio unaouma kuliko yote. Anasita, anachapwa. Daktari wa mifugo akiletwa atamtibu punda, lakini ugonjwa uko kwenye vifaa. Na mnyama anayesambaza maji mji mzima anaweza kushinda juani bila kunyweshwa, si kwa chuki. Hakuna tu aliyepanga kituo cha yeye kunywa.

Sasa turudi kwenye swali la mkono unaoinuka. Kijana anayeendesha mkokoteni mara nyingi si mwenye punda. Anamchukua asubuhi, jioni anarudisha hesabu ya tajiri. Kila safari baada ya hesabu kutimia ni yake. Kidonda ni hasara ya mwenye punda, tena hasara ya mwezi ujao. Maumivu ni ya punda. Faida ya haraka ni ya aliyeshika fimbo. Katika mpango wa namna hiyo, mtu mpole ndiye anayepata kidogo. Si lazima awe katili kwa asili. Inatosha awe na kodi ya nyumba.

Dresaji ina hesabu yake. Farasi kijana mwenye mwendo mzuri huuzwa kwa pesa nyingi, na thamani hupanda akionyesha mapema hatua ngumu. Kuna ubingwa wa dunia wa farasi wa miaka 5, 6 na 7, umri ambao mifupa ya farasi ndiyo kwanza inamaliza kukomaa. Mwenye farasi anangoja, mnunuzi anangoja, na mkufunzi analipwa kwa matokeo. Mwaka 2023 televisheni ya TV 2 ya Denmark ilimwingiza mwandishi kwa siri katika mazizi ya Andreas Helgstrand, mshindi wa medali aliyegeuka mfanyabiashara mkubwa wa farasi, na picha zilizotoka, zikiwemo za majeraha ubavuni yanayoachwa na vyuma vya kisigino, ziliitikisa nchi hiyo. Hayo yalikuwa mazizi ya kuuza farasi. Majaji, kwa upande wao, huona dakika chache za uwanjani. Miezi ya mazoezi nyuma ya ukuta hakuna anayeipa alama. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho ni kuwafundisha watu kupenda wanyama. Wengi wa hawa wanawapenda. Ninachokiona ni haraka ambayo gharama yake inabebwa na mwili wa mwingine.

Toka mjini uelekee kusini, Isinya, Kajiado, Bissil, na punda anabadilika mikono. Katika maboma ya Wamaasai kazi zake ni za akina mama: maji, kuni, unga kutoka sokoni siku ya gulio, na wakati wa kuhama, nyumba yenyewe. Mwanapunda humfuata mama yake kisimani muda mrefu kabla ya kubebeshwa kitu, hivyo siku mgongo wake unapowekewa mtungi, njia, mwendo na umati si vitu vigeni. Hayo ni mafunzo, ingawa hakuna anayeyaita hivyo, na ni mafunzo bora kuliko ya punda anayenunuliwa mnadani leo na kufungwa kwenye mkokoteni kesho kando ya punda mzee mwenye uzoefu ili "ajifunzie kazini." Mama anayemiliki punda wake mwenyewe, au angalau anayejua kwamba punda akilala yeye ndiye atakayebeba mtungi, ana sababu ya kuangalia mgongo.

Nisiupake rangi ukweli. Masikio hukatwa alama, miguu ya mbele hufungwa kamba ili punda asiende mbali, na mitungi 4 mgongoni ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ziliposhindwa msimu baada ya msimu na ng'ombe wakafa kwa maelfu Kajiado, punda ndiye aliyeendelea kutembea, na umbali wa maji uliongezeka kila mwezi. Upole una mpaka wake pale kisima kinapokauka. Hata hivyo fimbo ya boma na fimbo ya mkokoteni si moja: ya kwanza mara nyingi huelekeza, ya pili inadai.

Mtu anaweza kusema, basi mpandishe punda bei, atatunzwa. Kenya ilijaribu jambo hilo bila kukusudia. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa kwa ajili ya soko la China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili inayopendwa sana. Yalifika manne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Bei ilipanda kweli. Pamoja nayo ukaja wizi. Watu waliamka na kukuta mabaki ya punda wao porini, ngozi haipo. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya KALRO ya 2019 ilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa hadi mwisho wa 2018, kasi iliyozidi kwa mbali ile ya kuzaliana. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi. Februari 2020 waziri Peter Munya akapiga marufuku uchinjaji huo, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kisa hiki kinavuruga nadharia ya bei, na ni vizuri kiivuruge. Thamani iliyopanda ilikuwa ya ngozi, si ya mgongo. Punda aliyezeeka au aliyeumia, ambaye zamani angepumzishwa wiki mbili, sasa alikuwa na mnunuzi wa leo leo. Kinachomlinda mnyama ni faida inayopatikana kwa kumtunza akiwa hai, na hiyo soko halikuigusa.

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ni ya 1962, na inataja wazi kumpiga mnyama kikatili, kumwendesha kupita kiasi na kumbebesha kupita kiasi. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Zamani shilingi 3,000 zilikuwa pesa ya kumtia mtu adabu. Leo ni mauzo ya maji ya siku chache. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, kwa hiyo Kajiado haina haja ya kungoja Nairobi ili kusema mkokoteni wa punda wawili usizidi mitungi mingapi. Ila sheria ya kupiga faini peke yake itamwangukia kijana wa hesabu, na tajiri atatafuta kijana mwingine kesho yake.

Mfano unaonivutia zaidi uko Lamu. Huko watu wanashindana kwa punda kweli: mbio za kando ya bahari wakati wa Maulidi, wapandaji vijana bila tandiko, mji mzima ukipiga kelele. Lakini kuna shindano lingine ambalo halina kelele. The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililofungua zahanati ya punda mjini humo miaka ya 1980, limekuwa likiandaa shindano la punda anayetunzwa vizuri kuliko wote. Waamuzi huangalia mgongo, kwato, vidonda, mwili umejaa au umekonda, na mwenye punda huondoka na zawadi mbele ya majirani zake. Linganisha na dresaji. Dresaji hutoa alama kwa kile mnyama anachofanya na kukisia kutokana nacho jinsi alivyofundishwa. Lamu wanasoma mwaka mzima wa mafunzo moja kwa moja kwenye ngozi, na ngozi si rahisi kuipamba usiku mmoja.

Shindano kama hilo Kitengela lingekuwa jambo jema, ingawa sioni likitosha. Mji ule unahitaji mambo ya kuchosha zaidi: fundi wa kushona mikanda ya kifua kwa turubai na sponji badala ya waya, karai la maji ya punda kwenye kila kioski, na mpango wa hesabu unaomfanya dereva alipe sehemu ya hasara ya kidonda na apate sehemu ya faida ya punda mzima. Shirika la Brooke, lililofanya kazi na punda wa Kenya kwa miaka mingi, limepitia vikundi vya wenye punda wenyewe kwa sababu hiyo: mwenye mali husikiliza mwenye mali mwenzake.

Kilichobaki ni pesa, na hapo ndipo mazungumzo huwa magumu. Ukipunguza mzigo kutoka mitungi 25 hadi 20, mtu mmoja anapoteza mauzo ya mitungi 5 kila safari. Kijana hawezi kuibeba hasara hiyo peke yake. Tajiri hataki. Akina mama wa ploti, ambao tayari hununua maji kwa mtungi ilhali wenye mfereji hulipa kwa mita, watasema, na kwa haki, kwamba wao hawakumpiga punda wa mtu. Basi kaunti itakayoandika kikomo cha mzigo itabidi ijibu siku hiyohiyo lini bomba litafika kwenye ploti hizo, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo ulio mgongoni mwa punda wa Kitengela ni kazi ya kampuni ya maji.